Mla Nawe: Kutafuta Chakula cha Kichina kwa Posho ya Wilayani

Mtumishi wa umma anayetoka Newala au Masasi kwenda Dar es Salaam kwa kikao kazi hubeba hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni ya mwajiri wake: idadi ya siku atakazolala nje ya kituo, mara kiwango cha posho ya kujikimu kinacholingana na cheo chake. Ya pili ni yake mwenyewe: katika fedha hiyo, ni kiasi gani kitakachorudi nyumbani. Sote tunajua kwamba posho haikukusudiwa kuwa mshahara, na sote tunajua pia kwamba nyumba nyingi za watumishi wilayani zimeezekwa kwa posho. Ndiyo maana mtu aliyelipwa ili ale na alale vizuri mjini hupanga chumba cha gesti Mbagala, karibu na mabasi ya kusini, na hula wali maharage kwa mama lishe siku zote tano. Simcheki, kwa kuwa nami ni mmoja wao.

Hata hivyo, katika safari zangu za kikazi nimejiruhusu anasa moja ndogo: kutafuta mgahawa wa Kichina ambapo mtu wa posho anaweza kula akashiba bila kujutia bei. Wenzangu huuliza kwa nini nijisumbue. Jibu langu huwa ni kuwakumbusha tunakotoka. Daraja la Umoja, linalotuvusha Mto Ruvuma kwenda Msumbiji pale Mtambaswala, lilijengwa na kampuni ya China na kufunguliwa mwaka 2010. Bomba la gesi linalotoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Uwanja mkubwa wa mpira wa Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2007, leo unabeba jina la Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husoma katika maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Na juu ya uwanda wa Makonde, watu wa vijijini wamezoea kuwaona Wachina wakiwa na mitambo yao barabarani.

Basi nikajiuliza: watu hawa wametujengea daraja, uwanja na maktaba. Je, wanakula nini? Nilipowauliza jirani zangu wa Newala, majibu yalikuwa ya kukisia. Tunaijua mitambo yao, tunazijua simu zao na vitenge vyao, lakini hatukijui chungu chao.

Kwa mgeni anayetoka bara, migahawa ya Kichina ya Dar es Salaam imegawanyika katika makundi mawili yasiyofahamiana. Kundi la kwanza liko Masaki, Oysterbay na maeneo jirani. Humo mna taa nyekundu, vitambaa vya meza, viyoyozi, na orodha ya vyakula kwa Kiingereza. Sahani moja ya kuku na bakuli la wali niliyoagiza huko ilinigharimu shilingi 45,000 kabla ya maji ya kunywa. Kwa fedha hiyo mama lishe wa Mbagala angenilisha wali maharage kwa wiki mbili. Wanaokula humo ni mabalozi, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, wafanyabiashara, na wakubwa wetu wachache ambao bili zao hulipwa na mtu mwingine.

Kundi la pili halina mabango makubwa. Liko ghorofani katika mitaa ya nyuma ya Kariakoo, au nyuma ya maghala, au ndani ya ua ambako malori yanapakia mizigo. Hii ndiyo migahawa wanayokula Wachina wasio wakubwa: mafundi, madereva wa mitambo, wauza jumla, vijana wanaotunza maduka ya jamaa zao. Ukitaka kuipata, usimuulize mtu wa hoteli. Waulize wapagazi wa Kariakoo, kwa sababu wao ndio wanaopandisha magunia ya mchele na madumu ya mafuta katika ngazi zile. Mpagazi mmoja alinielekeza kwa usahihi kuliko ramani ya simu, akaniongezea na onyo: niende mchana, si usiku.

Ugumu wa migahawa hii si bei. Ni lugha. Orodha ya vyakula ilikuwa kwa Kichina, ikiwa na picha zilizofifia. Kiingereza kilikuwa kidogo, na Kiswahili hakikuwamo hata neno moja, ingawa tulikuwa katikati ya Kariakoo, mahali ambapo Kiswahili ndicho hupanga bei ya kila kitu. Aliyetuokoa ni mhudumu, binti wa Kitanzania, aliyekuwa akipokea maagizo kwa Kiswahili na kuyapeleka jikoni kwa Kichina bila kusita. Hakujifunza lugha hiyo darasani. Alijifunza kwa miaka minne ya kubeba sahani. Tuna Taasisi za Confucius katika vyuo vikuu vyetu tangu mwaka 2013, na ni jambo jema, lakini sijaona chuo kinachomhesabu binti kama huyu kuwa mtaalamu wa lugha.

Tulikuwa wanne, sote washiriki wa warsha moja, kutoka mikoa tofauti. Kabla hata hatujaketi, utani ulikuwa umeanza. Mwenzetu mmoja wa kaskazini alisema Wachina hula kila chenye miguu isipokuwa meza, kisha akanigeukia: “Lakini wewe Mwalimu huna wasiwasi. Kwenu Newala si mmeshazoea samaki nchanga?” Wote wakacheka.

Kwa wasiofahamu, samaki nchanga ni panya wa porini, kitoweo cha baadhi ya watu wa kusini. Jina lenyewe ni utani wa watu walio mbali na bahari: samaki wa mchangani. Ni nyama safi ya mnyama anayekula mihogo na nafaka, na kwa kaya isiyo na ng'ombe wala fedha ya kununulia samaki mkavu, imekuwa lishe. Lakini kila Mmakonde aliyepita shule ya bweni anajua jinsi kitoweo hiki kinavyogeuzwa kuwa fimbo. Ni kama chale za nyusoni mwa wazee wetu: jambo la kwetu ambalo wengine huliona kabla ya kutuona sisi. Nilipowasikia wenzangu wakiwahukumu Wachina bilioni moja na zaidi kwa habari za mbwa na nyoka, niliutambua wimbo ule. Niliimbiwa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilimjibu mwenzangu kwa utani wa kiasi chake, kisha nikasema jambo moja bila utani: mtu asiyeweza kuheshimu sufuria ya mwenzake hatafika mbali katika kumheshimu mwenyewe.

Kulikuwa na swali jingine, na hilo halikuwa utani. Wawili kati yetu ni Waislamu, na nyama ya nguruwe ina nafasi kubwa katika mapishi ya Kichina. Hapo ni lazima kuuliza, na kuuliza si dharau. Binti yule alikwenda jikoni, akarudi na kutueleza ni vyakula vipi vinapikwa kwa mafuta ya mimea na katika kikaango kipi. Wenzetu wale wawili waliridhika na samaki, mboga na mayai. Wengi wetu hatujui kwamba ndani ya China kuna mamilioni ya Waislamu, wakiwamo Wahui, na kwamba tambi za Lanzhou zenye supu ya nyama ya ng'ombe, ambazo asili yake ni Waislamu hao, huliwa leo katika miji yote mikubwa ya China. Mtu wa Lindi au Mtwara mjini angeielewa supu ile bila mkalimani.

Tulipoanza kuagiza, kila mmoja akinyooshea kidole picha yake, binti yule alituzuia kwa upole. “Baba,” aliniambia, “hapa watu hawaagizi sahani ya mtu mmoja mmoja. Agizeni vitatu, mle wote.” Tukamtii. Zikaja mbilingani zilizokaangwa kwa kitunguu saumu, shilingi 12,000. Samaki wa tangawizi, 18,000. Mayai na nyanya, 15,000. Na bakuli kubwa la wali, 8,000. Jumla ilikuwa shilingi 53,000. Tukigawanya kwa wanne, kila mmoja alilipa 13,250, na chakula kilibaki. Bado ni ghali kuliko kwa mama lishe, lakini si theluthi ya bei ya Masaki.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu, nalo lilikuwa tofauti na nilivyotarajia. Chakula cha Kichina ni ghali kwa anayekula peke yake. Meza yao ni ya duara na vyakula huwekwa katikati, kama sinia letu. Bei zake zimepangwa kwa watu wanaokula pamoja. Sisi tuliolelewa kwenye sinia tumefundishwa na posho kula kila mtu na sahani yake na risiti yake. Posho hugawanywa kwa vichwa, na sisi tukajigawanya vivyo hivyo hata mezani.

Lakini bei ni sehemu tu ya jambo. Swali kubwa zaidi ni kwa nini, baada ya miongo sita ya urafiki unaoimbwa majukwaani, chakula hiki bado ni cha kutafutwa ghorofani kwa msaada wa wapagazi. Kila chakula duniani kina safari yake. Muhogo tunaosonga ugali wake Newala ulitoka Amerika ya Kusini. Mkorosho, unaolipa ada za watoto wetu, ulitoka Brazili kwa mikono ya Wareno. Chapati, sambusa na bajia zilitoka ng'ambo ya bahari pamoja na Wahindi waliofungua maduka Lindi, Masasi na Newala. Uhusiano wetu na wenye maduka wale haukuwa wa usawa, na hesabu zake chungu tunazikumbuka. Hata hivyo waliishi nasi, na familia zao, mlango kwa mlango. Harufu ya jiko lao ilivuka ua. Leo hakuna mama wa Newala anayejiona anapika chakula cha kigeni anaposukuma chapati.

Tazama pia nchi ambako chakula cha Kichina ni cha watu wa kawaida. Nchini Peru, vibarua wa Kichina walianza kuletwa mwaka 1849 kufanya kazi za sulubu mashambani na katika machimbo ya mbolea ya ndege. Mikataba ilipokwisha wengi walibaki, wakaoa, wakafungua vibanda vya chakula. Leo mjini Lima migahawa yao, inayoitwa chifa, imeenea kila mtaa. Nchini Marekani, maelfu ya Wachina walijenga sehemu ya magharibi ya reli ya kuunganisha bara, iliyokamilika mwaka 1869. Mwaka 1882 sheria iliwafungia mlango vibarua wenzao, na ubaguzi ukawasukuma waliobaki kwenye udobi na migahawa. Chakula chao kikawa rahisi kwa sababu walikuwa maskini waliowapikia maskini wenzao. Historia hizi zina dhuluma nyingi na sizitamani. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba chakula huwa cha wote pale wapishi wanapokuwa majirani.

Sisi tulipata reli bila majirani. Makumi ya maelfu ya Wachina walikuja kati ya mwaka 1970 na 1975 kujenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Walifanya kazi bega kwa bega na vijana wetu, wakalala katika mahema, wakalima mboga zao wenyewe, na kazi ilipokwisha wakarudi kwao. Waliobaki ni wale waliofia kazini, ambao makaburi yao yako Majohe, nje kidogo ya jiji. Walitendewa na kutenda kwa heshima, na wazee waliofanya kazi nao husimulia nidhamu yao hadi leo. Lakini hawakuacha mgahawa. Utaratibu huo wa kambi unaendelea hata sasa katika miradi ya kibiashara isiyo na udugu wowote wa kisiasa: uzio, jiko ndani ya uzio, bustani ya mboga ndani ya uzio, na vijana wetu wanaokula nje ya uzio.

Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Watu waliipenda kwa sababu kwa mara ya kwanza waliwaona Wachina wakigombana na wakwe na kupatana mezani, kama watu. Inasikitisha kwamba tuliwajua vizuri zaidi kwenye kioo kuliko barabarani kwetu.

Upande wa pili wa uzio nao una kisa, na kisa hicho kilikuwa kwenye orodha ileile ya vyakula: kuku wa korosho, shilingi 28,000. Nilimuuliza binti korosho zinatoka wapi. Akaniletea pakiti tupu kutoka jikoni, yenye maandishi nisiyoweza kuyasoma. Tulikuwa katika nchi ya korosho, tukiangalia korosho iliyofungashwa ng'ambo.

Wasomaji wa kusini hawahitaji kuelezwa, lakini wengine wasikilize. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa nje zikiwa ghafi, hasa India na Vietnam, na hubanguliwa huko. Kilo moja ya korosho ghafi hutoa takriban robo kilo ya kiini, mara nyingi pungufu. Katika minada ya mwaka 2024, mkulima wa Newala na Tandahimba kupitia TANECU aliona bei ikipita shilingi 4,000 kwa kilo, na tulishangilia, kwa kuwa mwaka 2018 serikali ililazimika kuingiza jeshi kununua na kusomba korosho kwa shilingi 3,300 baada ya wanunuzi kutoa bei duni. Lakini hata bei ya kushangilia ni bei ya mali ghafi. Masasi na Newala zilikuwa na viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya nje. Vingi vilisimama, vikabinafsishwa, na vingine vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho zinazosubiri kusafirishwa zikabanguliwe kwingine. Sahani ile ya shilingi 28,000 ilikuwa na konzi moja ya korosho. Mkulima wetu hawezi kuila, na huenda hata hajui kwamba chakula hicho kipo.

Mwezi Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo biashara ya jumla na rejareja na ununuzi wa mazao shambani. Nafahamu kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo kilichoizaa amri hiyo, na mkulima aliyeumizwa na kangomba hawezi kupinga mnunuzi wa kujificha akizuiwa kufika shambani. Ila sheria ya namna hiyo inatamka tu yale ambayo mgeni asifanye. Haitamki tunachotaka tufanye pamoja naye. Hilo la pili linahitaji watumishi wenye kufikiri, wale wanaoketi kwenye meza za mikataba.

Nayasema haya kwa wasomaji watatu. Kwa mtumishi wa halmashauri: mradi unapokuja na kambi katika eneo lako, uliza mapema mboga, mayai na kuku wa kambi vitanunuliwa kwa nani, na mama lishe wa kijiji watakuwa na nafasi gani. Ni mambo madogo kwenye mkataba wa mabilioni, lakini ndiyo yanayobaki kijijini mkandarasi akiondoka. Kwa mwanaharakati: dai viwanda vya kubangua kwa nguvu ileile unayodai bei ya mnada, kwa sababu bila kubangua tutaendelea kushangilia robo ya thamani. Kwa mwanafunzi: jifunze Kichina ukipenda, lakini mfundishe na Mchina Kiswahili. Anayeishi Kariakoo miaka kumi bila orodha ya vyakula ya Kiswahili hakulazimika kuwa nayo, kwa sababu hatujawahi kufika tukaiomba.

Na kwa yeyote atakayekwenda Dar es Salaam kikazi, ushauri wangu ni huu. Nenda mchana. Waulize wapagazi. Uliza kuhusu nguruwe kabla ya kuagiza, na uliza bei kabla ya kuketi. Muhimu kuliko yote, usiende peke yako: wachukue wenzako watatu wa warsha, hata yule mwenye utani mbaya, agizeni vitatu na wali mmoja, muweke katikati. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wakimaanisha kwamba rafiki wa mezani si ndugu wa shida. Ni kweli. Lakini wahenga walikuwa wakizungumza na watu ambao angalau walikuwa wamekwisha kula pamoja. Sisi na marafiki zetu wa miaka sitini hatujafika hata hapo.